Msimharakishe Anayesamehe

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa Tukuyu, kwenye kongamano la akina mama na wazee. Wengi wenu mlikuwa msibani Kiwira, wengine mvua iliwazuia, mkaniomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka.

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena!

Mama mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuniita. Nimefanya kazi ya uuguzi sehemu kubwa ya maisha yangu. Tangu nistaafu, watu wanaonifuata nyumbani wanakuja zaidi kwa habari za moyo kuliko za mwili. Na neno ninalolisikia kuliko yote ni hili: “Mama, mimi nilishasamehe. Niliomba, nikalia, nikasimama mbele ya watu nikasema nimesamehe. Mbona juzi nimemwona pale stendi, moyo ukanidunda, mikono ikatetemeka? Ina maana sikusamehe? Ina maana mimi ni mnafiki?”

Wapendwa, ni wangapi humu ndani wamewahi kujiuliza hivyo? Sitaki mikono. Jibuni moyoni.

Mimi nawajibu hivi: hapana, wewe si mnafiki. Umesamehe kweli, na bado unasamehe. Siku ile uliposema “nimesamehe” ulianza kazi. Hukuimaliza. Na tatizo letu kubwa makanisani ni kwamba tumewafundisha watu kuianza, tukawapigia makofi, halafu tukawaacha peke yao.

Niwape jambo moja la wodini. Kidonda chenye kina, kilichoingia uchafu, hakishonwi juu kikaachwa. Kinaoshwa, kinawekwa gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, ndani. Kesho gozi linatolewa, kinaoshwa tena, linawekwa jingine. Keshokutwa hivyo hivyo. Tunataka nyama iote kutoka chini kuja juu. Ngozi ikiwahi kuziba huku chini bado, usaha unabaki ndani, na baada ya muda mgonjwa anarudi na homa, kidonda kinafunguliwa upya, na safari hii anaumia kuliko mwanzo. Mgonjwa hapendi kuoshwa kidonda kila siku. Analia, anamchukia nesi. Lakini anayempenda hamfungii usaha ndani.

Wazee wetu wa Unyakyusa walilijua hili kabla Wamoravian na Walutheri hawajafika milimani huku mwaka 1891. Kwao hasira iliyofichwa kati ya ndugu ilikuwa jambo la hatari. Ilihesabiwa kuwa inaweza kuleta ugonjwa katika nyumba. Kwa hiyo ukoo ulipokutana kwa tambiko, waliokosana walitakiwa kwanza waseme waziwazi kilichowakwaza. Hasira ilipaswa kutoka mdomoni mbele ya ndugu ndipo wapatane. Sisemi turudi kwenye matambiko. Nasema walikuwa na heshima kwa hasira ya mtu ambayo sisi tumeipoteza. Leo mtu akisema “bado nina uchungu,” tunamkemea kwamba hana imani.

Sasa twendeni kwenye Maandiko. Nataka tukae kidogo na Yusufu, kwa sababu habari yake tunaisimulia kwa haraka mno. Tunasema, ndugu zake walimuuza, akawa mkubwa Misri, akawasamehe, amina, tuimbe. Sivyo ilivyoandikwa.

Hesabuni pamoja nami. Yusufu alikuwa na miaka 17 tunapoanza kusoma habari zake. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Ikapita miaka saba ya shibe, ikaingia njaa, na siku alipojitambulisha kwa ndugu zake njaa ilikuwa na miaka miwili. Ni kama miaka 22! Katikati hapo alipata mke, akapata mtoto wa kwanza, akamwita Manase, akasema Mungu amenisahaulisha taabu zangu zote. Alisema hivyo kwa kinywa chake, na naamini alimaanisha. Alidhani imekwisha.

Halafu ndugu zake wakatokea, wakainama mbele yake wakiomba chakula. Je, Yusufu aliwakumbatia? Hakuwakumbatia. Alisema nao kwa ukali. Aliwaita wapelelezi. Aliwatia gerezani siku tatu. Alizungumza nao kupitia mkalimani ingawa lugha yao ndiyo aliyonyonya nayo. Na akiwa amekaa pale wasijue kwamba anaelewa, akawasikia wakiambiana kwamba haya yametupata kwa sababu tulimwona ndugu yetu akitusihi, nasi hatukumsikia.

Miaka ishirini na zaidi, na bado sauti ya kijana yule akilia kutoka shimoni ilikuwa masikioni mwao! Mnaona? Aliyeumizwa alikuwa hajapona, na walioumiza walikuwa hawajapona. Yusufu akageuka, akaenda kando akalia. Akarudi, akamfunga Simeoni mbele ya macho yao.

Mtu huyo alikuwa amesamehe au hajasamehe? Mimi nasema alikuwa njiani. Alilia kwa siri safari ya kwanza. Safari ya pili, alipomwona Benyamini, akaingia chumbani akalia tena, akanawa uso, akajizuia, akaagiza chakula kiletwe. Akaweka kikombe kwenye gunia la mdogo wake ili aone watafanya nini. Kwa nini? Alitaka kujua kama hawa bado ni watu walewale wanaoweza kumtoa mtoto wa baba yao na kurudi nyumbani na uongo. Na nani aliyesimama? Yuda! Yuda yuleyule aliyetoa shauri Yusufu auzwe. Sasa anasema, nichukue mimi niwe mtumwa, kijana arudi kwa baba yake. Hapo ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia, akalia kwa sauti hadi nyumba ya Farao wakasikia.

Wapendwa, nataka mlishike hili kwa sababu linaokoa watu. Kusamehe ni jambo moja, kumwamini mtu tena ni jambo jingine. Kusamehe unaweza kufanya chumbani kwako, wewe na Mungu wako, hata kama aliyekukosea amekufa, hata kama hajui kwamba alikukosea. Kumwamini tena kunahitaji wawili. Kunahitaji Yuda aliyebadilika. Yusufu hakuonyeshwa mabadiliko kwa maneno matamu. Aliyaona.

Kwa hiyo mama mwenye mume anayempiga, asiambiwe “samehe urudi.” Asamehe akiwa kwao, mahali palipo salama, meno yake yakiwa mdomoni. Nasema hivi nikiwa mzito, kwa sababu nimewashona wanawake usiku ambao mchana wake walirudishwa na kikao.

Na hapa niseme neno kuhusu vikao vyetu. Baba amefariki. Arobaini haijaisha. Ukoo unakaa, mjane amekaa chini kwenye mkeka. Shemeji amekwisha kuweka alama kwenye shamba la chai, ng'ombe wamekwisha kuhamishwa. Mjane akifungua mdomo, mzee mmoja anamwambia, “Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Samehe yaishe.” Je, huo ni msamaha? Huo ni wizi uliovikwa kanzu! Mungu hakuwahi kuuweka msamaha uwe kamba ya kumfungia mjane mdomo. Unaweza kumsamehe shemeji yako na asubuhi yake ukaenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Unaweza kumwombea kwa jina na bado ukadai shamba lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi, na hakuna mstari wa Biblia unaomtaka aiache ili aonekane ana roho nzuri. Wazee mlioko hapa, nawaheshimu, lakini hili nalisema mbele yenu: mkimharakisha mjane kusamehe ili kikao kiishe mapema, mnajisaidia ninyi wenyewe.

Tuje sasa kwa aliyekosa. Maana wengi wetu tunajiona upande wa Yusufu tu, na upande wa akina Yuda tupo pia.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Mnajua kilichotokea kule. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilizimwa kwa bunduki na kwa njaa. Mashamba na maghala yalichomwa ili watu wafe bila hata risasi. Mashujaa 67 walinyongwa mwaka 1906, na kila tarehe 27 Februari wanakumbukwa pale Songea. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, alinyongwa pia, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Rais yule alikutana na wajukuu wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda babu zao.

Mimi nilipoisikia habari ile niliguswa. Miaka zaidi ya mia moja! Aliyekuja kuomba hakuwa ameua mtu, na waliokuja kuombwa hawakuwahi kumwona babu yao. Lakini angalieni ukoo ule ulikuwa ukitaka nini. Ulitaka fuvu litafutwe, lirudi, lizikwe. Na mgeni aliahidi kusaidia kulitafuta. Pale Kalenga, Iringa, wenzetu Wahehe walikwisha kupita njia hiyo. Mtwa Mkwawa, mkuu wao aliyepigana na Wajerumani, alikufa mwaka 1898, kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliandika kwamba fuvu lake litolewe. Liliwasili Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Tangu kuandikwa hadi kutendwa ni miaka 35.

Sasa nikuulize wewe uliyemkosea ndugu yako. Umechukua kihamba, shamba la migomba, cha dada yako, unakwenda kwake Jumapili na Biblia kwapani, unamwambia nisamehe, na Jumatatu unavuna ndizi kwenye kihamba hichohicho? Unamwomba akusamehe nini? Zakayo aliposimama mbele ya Bwana hakusema “naomba radhi kama kuna niliyemkwaza.” Alisema niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Rudisha kwanza. Kama hakirudishiki, kama ulichochukua ni ujana wa mtu au jina lake zuri, basi kiseme kwa kinywa chako, chote, bila “lakini na yeye.” Kisha ngoja. Usiulize kila wiki “bado tu hujanisamehe?” Aliyeumia ndiye mwenye saa. Kazi yako ni kubaki mtu mwema hata kama saa hiyo itachelewa, hata kama haitafika ukiwa hai.

Nimefika mahali pagumu kuliko pote. Na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu najua humu ndani wamo ambao wamewasamehe wote isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo wanaamka naye kila asubuhi.

Petro na Yuda Iskariote walimkosea Bwana usiku mmoja. Wote wawili walijuta, Maandiko yanasema hivyo. Yuda alirudisha hata fedha! Alikiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Lakini wakuu wa makuhani wakamwambia, yatuhusu nini sisi? Yaangalie wewe. Akaondoka peke yake. Hilo neno, “yaangalie wewe,” liliua mtu. Petro alitoka akalia kwa uchungu, lakini alirudi kwa wenzake. Alikuwamo kati yao walipofungiwa milango, alikuwamo kwenye mashua walipokwenda kuvua. Na siku Bwana alipowatokea ufukweni, Yohana anaandika kwamba kulikuwa na moto wa makaa. Moto wa makaa ndio Petro alikuwa akiota usiku ule alipokana. Bwana akamkalisha mbele ya moto kama ule, akamuuliza wanipenda, mara moja, mara mbili, mara tatu. Petro akahuzunika. Alikana mara tatu, akaulizwa mara tatu. Bwana hakumwambia “sahau yaliyopita.” Alimrudisha palepale palipouma, kwa upole, na kila alipojibu akampa kazi: lisha kondoo zangu.

Nawapa kisa cha mama mmoja. Amenipa ruhusa niseme, bila jina lake wala kijiji.

Alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Mafuta ya taa ya jiko la mchina aliyaweka kwenye chupa ya soda, chini ya meza, kama nyumba nyingi zinavyofanya. Mtoto aliamka, akaona chupa ya soda, akanywa. Majirani wakaja mbio. Mmoja akasema mpe maziwa, mwingine akasema mtie kidole kooni atapike. Akamtapisha. Alipotufikia mtoto alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Alfajiri alifariki.

Ilipita miaka. Siku moja, kwenye somo la kliniki, yule mama akasikia muuguzi akifundisha: mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu akitapika mafuta yanaingia kwenye mapafu. (Na ninyi wenye watoto na wajukuu, lishikeni hilo: msimtapishe, mkimbizeni kituo cha afya saa hiyohiyo, na mafuta msiyaweke kwenye chupa ya kinywaji.) Yule mama akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye majani. Nikamfuata. Akaniambia, “Kumbe ni mimi.”

Tangu siku ile hakushiriki Meza ya Bwana. Alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho, wenzake wakienda mbele yeye anatoka nje. Watu walimwambia Mungu ameshakusamehe. Alijua. Walimwambia ni mapenzi ya Mungu. Alichukia. Ningemwambia nini mimi? Nilikaa naye tu. Tulikuwa tunamenya viazi jikoni kwake, anasimulia habari ileile kuanzia mwanzo, na kila mara anafika kwenye “ningejua” anakwama.

Ikafika siku akaisimulia yote bila kukwama. Akaweka kisu chini, akasema, “Chupa niliiweka mimi. Hiyo ni yangu. Kumtapisha, niliambiwa na watu waliotaka kunisaidia, na wala mimi wala wao hatukujua. Hiyo si yangu.” Nilikuwa muuguzi na nilikuwa mwanamke wa maombi, na sijasikia ungamo zuri kuliko lile. Hakujitetea. Hakujitesa pia. Alichukua kilicho chake, akaacha kisicho chake. Wengi wetu tunashindwa hapo. Ama tunasema kosa lote si langu, ama tunabeba hata la jirani, la shetani na la umaskini wetu.

Baadaye akarudi mezani kwa Bwana. Siku nyingine nikamkuta kliniki, hakutumwa na mtu, anawaambia wasichana wenye watoto mgongoni habari za chupa. Anawaambia na kilichompata. Hivi karibuni nilimuuliza, je, umejisamehe? Akafikiri kidogo, akanijibu: “Siku nyingi, ndiyo. Siku nyingine naanza upya.”

Wapendwa, hilo jibu linanitosha! Petro aliuliza, nimsamehe ndugu yangu mara ngapi, hata mara saba? Akaambiwa saba mara sabini. Zamani nilidhani maana yake ndugu atakukosea mara 490. Sasa nikiwaangalia watu nilioketi nao, naona kosa linaweza kuwa moja tu, na wewe ukalisamehe mara zote hizo, kwa sababu linarudi. Linarudi ukisikia wimbo fulani, ukipita njia fulani, ukimwona mtoto wa rika la mtoto wako. Likirudi, halikuja kukushitaki kwamba mwanzo ulidanganya. Limekuja kuoshwa tena.

Ndiyo maana katika sala aliyotufundisha Bwana, msamaha umewekwa mara tu baada ya mkate wa kila siku. Hakuna mama hapa anayepika ugali mara moja akasema familia imeshiba maisha yote. Kwa hiyo ukifika pale kwenye “utusamehe deni zetu,” kesho asubuhi, usipite mbio kama tunavyozoea. Simama. Mtaje yule mtu kwa jina lake, hata kama kinywa kinakataa. Kama huwezi kusema “nimemsamehe,” sema ukweli: “Bwana, leo siwezi, ila nataka nitake.” Mungu hakasiriki kwa sala fupi ya kweli. Kisha jitaje na wewe jina lako. Hapo hapo, katika sala hiyohiyo.

Leo sitaita mtu mbele. Najua mmezoea mwishoni mhubiri aite watu, wasimame, walie, wahesabiwe. Leo hapana. Mimi na mama mchungaji tutakaa kwenye chumba kile cha nyuma ya vestiari hadi jioni, na Jumatano tutakuwapo tena baada ya ibada ya asubuhi. Anayetaka kuzungumza aje, na anayetaka kukaa tu bila kuzungumza aje pia, chai ipo. Wajane wenye shauri la mirathi, njooni na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kama mnao. Yupo ndugu yetu aliyewahi kuwa karani wa mahakama, atawasomea na kuwaelekeza pa kuanzia bila malipo. Na kama yumo aliyechukua cha mtu na anataka kurudisha lakini anaona aibu kwenda peke yake, aniambie. Nitakwenda naye.

Ndaga fijo, asanteni sana. Bwana awabariki.